Haya, endelea wewe: historia fupi ya kusoma kwa sauti darasani

Kama umewahi kukaa kwenye darasa la Kiswahili la Jumamosi, iwe London, Muscat, Toronto au Minneapolis, maneno haya unayajua: "Haya, endelea wewe." Hadithi ni moja, kila mtu ana aya yake, na zamu inazunguka meza. Na kila mtu anapiga hesabu ileile: wako wanne kabla yangu, basi yangu ni aya ya tano. Unaitafuta, unaipitia kimoyomoyo mara tatu, unaomba isiwe na neno lenye ng' wala gh. Mpaka zamu yako ifike, hujasikia hata neno moja la waliotangulia. Ukimaliza unashusha pumzi, na waliobaki pia huwasikilizi.

Wapo walioyaacha madarasa haya kwa sababu ya zamu hiyo tu. Wanaelewa kila kitu anachosema bibi kwenye simu, wanacheka panapochekesha, wananyamaza panapostahili. Ila kusikika wakisoma, hapana. Na mtu akishajiambia kwamba Kiswahili chake ni cha kusikiliza tu, baada ya miaka michache hata kusikiliza kunapungua.

Basi tujiulize: huu mtindo umetoka wapi? Kwani kusoma kwa sauti darasani hakukuanza na vitabu vyetu vya Jumamosi. Ukifuatilia historia yake, hasa upande wetu wa Afrika Mashariki, unakuta kumekuwa na kazi tofauti kabisa kwa nyakati tofauti. Madarasa yetu yamerithi kazi moja tu kati ya hizo, na siyo ile iliyotufaa zaidi.

Chuoni: sauti ndiyo somo lenyewe

Tuanzie pwani, maana huko watoto walikuwa wakisoma kwa sauti darasani muda mrefu kabla ya shule yoyote ya serikali. Chuo, au madrasa kama wengi tunavyosema siku hizi, kilikuwa barazani au nyumbani kwa mwalimu. Mtoto alianza na alifu, be, te, akaja kwenye irabu, akaunganisha herufi moja moja mpaka ziwe neno, kisha akaingia kwenye sura fupi za mwisho wa Kurani. Kila mmoja alikuwa mahali pake katika masomo, na wote walisoma kwa sauti kwa wakati mmoja. Mgeni akipita nje alisikia kelele tu. Mwalimu alisikia kila mtoto, na aliyekosea aliitwa.

Watu wengi, tukiwemo sisi tuliosomea ualimu na sayansi ya elimu huku ughaibuni, huwa tunauona mtindo huo kama kukariri bila kuelewa. Ni kweli maana ya maneno ya Kiarabu haikuwa somo la mtoto wa miaka sita. Lakini tusichanganye mambo. Pale sauti ndiyo iliyokuwa somo lenyewe. Kurani ni maandiko ya kusomwa kwa sauti, na hata jina lake kwa Kiarabu linatokana na mzizi wenye maana ya kusoma. Kazi ya mtoto ilikuwa kuitoa herufi mahali pake, kuvuta panapovutwa, kusimama panaposimamwa, na kuipokea sauti ile kama alivyoipokea mwalimu wake kutoka kwa wake. Aliyefika mwisho alisemwa amehitimu. Leo mtu akimaliza chuo kikuu Birmingham tunasema amehitimu, na neno hilo lina asili yake katika kuukamilisha msahafu.

Maana nayo ilikuwa na mahali pake. Kwenye darsa za msikitini, hasa Ramadhani, msomaji mmoja husoma aya kwa Kiarabu, kisha sheikh hueleza kwa Kiswahili. Yaani sauti na maana zimegawanywa kwa watu wawili, na kila anayehudhuria anajua nani anafanya nini. Tafsiri kamili ya Kurani kwa Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ilipotoka mwaka 1969, msomaji wa kawaida aliweza kuifuata maana peke yake, kitabu mkononi.

Kuna jambo jingine la pwani ambalo sisi tuliozoea herufi za Kilatini hatulioni kirahisi. Kwa karne kadhaa Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu: tenzi, barua, mikataba ya biashara. Nakala ya Utendi wa Tambuka ya mwaka 1728 ni mojawapo ya hati za kale zaidi zenye tarehe. Herufi hizo zina alama tatu tu za irabu, wakati Kiswahili kina irabu tano. Kwa maandishi hayo ya zamani "kuku" na "koko" ziliweza kuandikwa sawasawa. P na b mara nyingi zilitumia herufi moja, na m au n iliyotangulia konsonanti nyingine iliweza kuachwa kabisa.

Fikiria maana yake. Kuisoma barua ya Kiswahili kwa sauti ilibidi kwanza ujue Kiswahili, uelewe habari yenyewe inakwenda wapi, ndipo uchague kama ni kuku au koko. Asiyeelewa hakuweza kusoma. Sauti iliyotoka ilikuwa ushahidi kwamba mtu ameelewa.

Herufi mpya, mtego mpya

Mwaka 1864 Edward Steere alifika Zanzibar na misheni ya Kianglikana ya UMCA. Kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kilitoka mwaka 1870, na alipiga chapa vitabu vya kusomea kwa herufi za Kilatini. Hakuwa mmisionari wa kwanza kuandika Kiswahili hivyo, kwani Ludwig Krapf alikwisha kuanza Mombasa, lakini kazi ya Steere ilijengwa juu ya Kiunguja. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikawa inapitia vitabu vya shule.

Kwa herufi hizi mpya, kila irabu inaonekana. Kila herufi ina sauti yake, na mkazo karibu kila mara uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ni rahisi mno. Na hapo ndipo penye mtego: mtu asiyejua Kiswahili hata kidogo, Mfini tuseme, ukimfundisha kanuni hizo asubuhi, jioni atakusomea ukurasa mzima wa gazeti na asiwe ameelewa chochote. Sasa kusoma vizuri kwa sauti hakukuwa tena ushahidi wa kuelewa.

Na wakati huohuo shule za kisasa zilikuwa zinatoka kwenye nchi ambayo ilikuwa imeanza kutumia sauti ya mtoto kama kipimo.

Mkaguzi anakuja

Hapa inabidi tuvuke bahari kidogo, twende Uingereza ya mwaka 1862. Serikali, chini ya mwanasiasa Robert Lowe, ilitunga kanuni mpya ya kulipa shule za msingi. Shule ingepata fedha kulingana na mahudhurio na matokeo: kila mtoto alisimama mbele ya mkaguzi akapimwa kusoma, kuandika na hesabu. Mtoto aliyehudhuria vya kutosha alikuwa na thamani ya shilingi 8 kwa shule yake, na kila somo aliloshindwa lilikatwa shilingi 2 na peni 8. Yaani mtoto akikwama kwenye aya, mwalimu anapoteza pesa.

Unaweza kukisia kilichofuata. Kitabu cha kusomea kilipigiwa mazoezi mwaka mzima, kilekile, mpaka watoto wakakijua kwa moyo. Ikawa inasimuliwa kuhusu watoto walioweza "kusoma" huku kitabu kimegeuzwa juu chini. Matthew Arnold, mshairi ambaye kazi yake ya mshahara ilikuwa ukaguzi wa shule, aliipinga kanuni hiyo hadharani. Hoja yake ilikuwa kwamba inaua akili ya darasa. Kanuni ilidumu zaidi ya miaka 30 kabla ya kuondolewa kabisa mwishoni mwa karne ya 19.

Malipo yale yaliondoka, lakini ile picha ilibaki: mtoto amesimama, kitabu mkononi, mtu mzima anasikiliza ili ahesabu makosa. Walimu walioanzisha shule za Kiingereza makoloni walikulia ndani ya picha hiyo. Tanganyika ilipoanza kutoa ruzuku kwa shule za misheni katika miaka ya 1920, ruzuku iliambatana na ukaguzi. Na vitabu vilikuwa vichache. Mwalimu aliandika kwenye ubao, akaelekeza kwa fimbo, darasa likaitikia, kisha mmoja mmoja akasimama. Kwa sehemu kubwa hayakuwa mapenzi ya mwalimu. Ukiwa na watoto 50 na vitabu 6, utafanya nini? Hata baada ya uhuru hali hiyo ilijirudia kila milango ya shule ilipofunguliwa kwa wengi, kama Tanzania baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, au Kenya karo ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2003.

Wazazi wetu walisoma katika madarasa hayo. Walipoanzisha masomo ya Jumamosi kwenye kumbi za jumuiya huku ughaibuni, walifundisha kama walivyofundishwa. Nani angefanya vingine?

Kisomo: mmoja anasoma, wengine wanahitaji kusikia

Lakini kuna upande mwingine wa historia hii, na wazazi na babu zetu waliuishi pia.

Nje ya darasa, kusoma kwa sauti kulikuwa huduma. Barua ikifika kijijini kutoka kwa kijana aliye mjini, aliitwa mtoto wa shule. Mzee anaketi, mama anaacha kazi, majirani wanasogea, mtoto anasoma. Hakuna aliyekuwa anahesabu makosa. Walitaka kujua kama kijana ni mzima na kama ametuma chochote. Mtoto akikimbia, aliambiwa arudie. Magazeti kama Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, hayakusomwa na aliyenunua peke yake. Nakala moja iliwafikia wengi kupitia mdomo wa mmoja.

Halafu likatokea jambo ambalo nadhani kizazi chetu hakilijui vya kutosha. Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati wa uhuru watu wazima wengi wa Tanganyika hawakujua kusoma. Kazi ilianza kwa nguvu kwenye wilaya 6, zikiwemo Mafia na Ukerewe, kisha ikaenea nchi nzima. Madarasa yaliitwa kisomo. Yalifanyika shuleni baada ya watoto kutoka, chini ya miti, viwandani, kwenye ofisi za chama. Walimu wengi walikuwa wa kujitolea, wakiwemo vijana waliomaliza darasa la saba. Kwa hiyo ilitokea kijana wa miaka 16 anamfundisha mama wa miaka 50, tena kwa adabu zote: "Shikamoo mama, haya tuendelee na ukurasa wa nne."

Vitabu vyenyewe vilihusu maisha. Kanda ya Ziwa, ambako UNESCO ilisaidia mradi wa majaribio kuanzia mwaka 1968, watu walijifunza kusoma kupitia habari za pamba, migomba, uvuvi na ufugaji. Mkulima alisoma kwa sauti sentensi kuhusu kupanda pamba mbele ya wakulima wenzake. Akikosea neno, ubishi uliozuka ulikuwa wa pamba kabla ya kuwa wa herufi.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 Radio Tanzania ilirusha vipindi kuhusu malaria, kichocho, kuhara na maradhi mengine, na watu walikusanyika kwenye vikundi vya kusikiliza. Viongozi wapatao 75,000 walifunzwa kuviongoza, na inakadiriwa watu milioni 2 walishiriki. Utaratibu ulikuwa hivi: kikundi kinasikiliza redio, kisha mmoja anayejua kusoma anasoma kwa sauti sehemu ya kijitabu inayohusu somo hilo, halafu wanajadiliana na kukubaliana watafanya nini. Wakachimba vyoo, wakafyeka majani karibu na nyumba, wakafukia madimbwi.

Angalia nafasi ya msomaji hapo. Huenda yeye mwenyewe alikuwa amejifunza kusoma mwaka uliopita tu. Anasoma polepole, anakwama, anaanza tena. Na watu wanamsubiri, kwa sababu kilichoandikwa wanakihitaji na njia ya kukipata ni yeye. Kukwama kwake hakumtoi kwenye kikundi.

Tusiipambe historia. Kisomo nacho kilikuwa na mitihani na takwimu zake. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha kiwango cha kusoma na kuandika kimefika asilimia 61, na kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali zilisema zaidi ya asilimia 90. Uchumi ulipobana miaka ya 1980, vitabu na magazeti vikaadimika vijijini, na wengi waliofaulu walisahau. Kusoma kunahitaji kitu cha kusoma na mtu wa kusomewa. Vikikosekana hivyo, cheti hakisaidii.

Sisi tumebeba nini?

Sasa rudi kwenye meza yetu ya Jumamosi. Hadithi iko mbele ya kila mtu. Wote wanaiona, kwa hiyo hakuna anayehitaji kusomewa. Kazi pekee iliyobaki kwa wanaosikiliza ni kunasa makosa. Ni ukaguzi, tofauti ni kwamba shilingi 8 hazipo.

Tena kipimo chenyewe kinatudanganya. Kijana wa London anazijua herufi za Kilatini tangu chekechea, anasoma mbio, "ghali" inakuwa "gali", na nusu ya aya haijui maana yake. Anasifiwa kwa kasi. Kijana wa Muscat, ambaye shule yake yote ni ya Kiarabu, anaitamka "ghali" kama bibi yake wa Unguja na anaelewa kila neno, lakini herufi za Kilatini zinamchelewesha. Anaonekana mzito. Yupi anajua Kiswahili zaidi? Kwa mtindo wa zamu hutajua kamwe.

Sisemi tuache kusoma kwa sauti. Kiswahili bila sauti ni kazi bure, na mwalimu lazima ajue mwanafunzi amekwama wapi. Ila hilo linaweza kufanyika faraghani. Tathmini za Uwezo, zilizofanyika Kenya, Tanzania na Uganda, zilimpima mtoto nyumbani, peke yake na mtu mmoja: herufi, maneno, aya, hadithi. Hapakuwa na darasa zima lililomtazama. Kama lengo ni kupima, basi pima hivyo.

Na kama lengo ni kusoma pamoja, turudishe msikilizaji mwenye haja. Njia ni rahisi, na walimu wa Jumamosi wanaotusoma wanaweza kuijaribu bila gharama yoyote. Maandishi awe nayo msomaji mmoja tu, wengine wafunge vitabu. Apewe dakika 5 za kuyapitia kimya kwanza. Anaposoma asikatizwe, labda pale kosa linapogeuza maana. Baadaye wasikilizaji ndio waulizwe maswali, yeye aulizwe mwisho. Aya ziwe za mambo ambayo watu wanataka kweli kuyajua: habari ya wiki kutoka Mombasa, bei ya nauli kwenda Dar mwezi wa saba, jinsi ya kupika mchuzi wa papa, ujumbe mrefu wa shangazi kwenye WhatsApp ambao hakuna aliyeumaliza.

Na usiseme hujui kazi hiyo. Wengi wetu tulikuwa na miaka 9 au 10 tulipoanza kushika barua za serikali, za hospitali na za mwenye nyumba, tukasoma Kiingereza kwa macho na kumwambia mama kwa Kiswahili kilichoandikwa. Sisi ndio wale watoto wa shule walioitwa barua ilipofika. Hatukuona aibu, kwa sababu mama hakuwa anatukagua. Alitaka kujua miadi ni lini.

Kwa hiyo wiki hii tuna kazi moja kwako, na haihitaji darasa. Mtafute mtu mmoja, bibi ambaye macho hayamsaidii tena, baba anayeendesha gari, mdogo wako anayeosha vyombo, umsomee ukurasa mmoja wa Kiswahili ambao yeye hajauona. Soma polepole. Akisema "hebu rudia hapo," rudia, halafu endelea.